Kofi Kwenye Boneti

Shemeji yangu alianza kazi ya kunyoosha bodi za magari akiwa amechuchumaa, na siku hizi anaifanya akiwa amepanda kreti la soda. Hajarefuka yeye wala hajafupika. Magari ndiyo yaliyopanda.

Pale gereji tunamwita Papasa. Jina hilo lina sababu yake, na si hiyo unayoifikiria wewe. Mafundi wengine hutazama mbonyeo kwa macho. Huyu huvaa soksi kuukuu ya pamba mkononi, anafumba macho, kisha anapitisha kiganja kwenye bati polepole kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto. Ukimuuliza, anasema jicho hudanganywa na mng'ao wa rangi, mkono haudanganywi. Mimi ndiye mpiga rangi hapo, huo mng'ao ndio ninaouuza, kwa hiyo neno lile hunichoma. Lakini mtu akishamwoa dada yako, unazoea kuchomwa.

Akishapapasa, anakusomea. "Huyu aligongwa amesimama." "Huyu alishika breki mwishoni." "Huyu hakushika kabisa." Hilo la tatu hulisema kwa sauti ndogo, kisha huenda kunywa maji.

Zamani, anasema, magari yaligongana kwenye goti. Bampa kwa bampa, kama mbuzi. Papasa alikuwa anachuchumaa kutwa nzima, jioni ananyanyuka kwa awamu, kama kiti cha kukunja kilichoshika kutu. Miaka ikaenda, mibonyeo ikapanda hadi usawa wa paja, akatafuta kigoda. Ikafika kiunoni, akasimama. Sasa boneti zinamfika kifuani, na ukitaka kufika katikati ya boneti sharti upande kitu.

"Magoti yangu yamestaafu, shemeji," aliniambia siku moja. "Sasa ni zamu ya shingo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono hadi kwenye gari dogo lililoletwa asubuhi hiyo, limepigwa ubavuni.

"Nionyeshe limeumia wapi."

Sehemu ya chini ya mlango ilikuwa nzima, hata vumbi halijatikisika. Jeraha lilikuwa juu, kwenye ile nguzo ya kati, baina ya dirisha la mbele na la nyuma.

"Ingia, kaa kwa dereva."

Nikaingia, nikakaa.

"Sikio lako liko wapi?"

Sikio langu lilikuwa palepale. Nilitoka upesi kuliko nilivyoingia, na sikumuuliza aliyekuwa anaendesha yuko wapi.

Sasa dada yangu anaendesha gari la namna hiyo hiyo. Ni mwalimu wa chekechea. Siku Mungu anagawa urefu, dada alikuwa bado anawapanga wenzake kwenye mstari, na ilipofika zamu yake kilichobaki ni sauti. Akapewa yote. Gari lake ni dogo, la buluu, na amelizoea kama kandambili. Kila asubuhi Papasa humsindikiza hadi getini akimpa mahubiri: kaa mbali na yale makubwa, usimpite mtu kwenye kona, taa washa hata mchana. Dada humjibu, "Sawa, Baba Mchungaji," kisha anaondoka.

Mzaha huo haukumtuliza shemeji. Akaanza kuwauliza wateja wake kwa nini wamenunua magari makubwa. Kila mmoja alianza na lake. Huyu anasema barabara mbovu, na ukitazama gurudumu halijawahi kuona tope. Yule anasema familia kubwa, na ana mke na kasuku. Mwingine anasema heshima, huyo angalau mkweli. Lakini Papasa ni mvumilivu, aliwaacha waseme mpaka sababu ziwaishie, na mwisho wote walitua mahali pamoja. Siku moja nilikuwa kwenye dogo, walisema. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Nikaona taa tu. Hakuna anga, hakuna barabara, hakuna dereva. Taa mbili zimejaza kioo. Kesho yake nikaanza kutafuta kubwa.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Siku hizi nyasi nazo zinajinunulia pembe.

Na Papasa naye akaamua kumtafutia mke wake pembe.

Alimpata mtu. Daktari wa meno, mteja wetu wa siku nyingi, mpole, ana sauti ya kumlaza mtoto. Alikuwa na gari kubwa jeusi, refu mbele kama kitanda, na alikuwa ameshaagiza lingine linalolizidi hilo.

"Hili lina kasoro gani, Daktari?" nilimuuliza.

"Halina. Nilipolinunua nilikuwa naona mbali mtaani kwetu. Sasa majirani wote wanayo. Nimerudi kutazama matairi tu."

Daktari alikuwa anatafuta kagari kadogo ka kumtuma nesi wake mjini. Basi wakapatana yeye na Papasa: Papasa atachukua jeusi, Daktari atachukua la buluu, kilichopungua Papasa atakifidia kwa kazi. Jumamosi wabadilishane. Dada asiambiwe, iwe zawadi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Daktari aliliacha gari palepale gereji, akasema kuna kibonyeo kidogo kwenye boneti, hajui kimetoka wapi, labda watoto wamecheza mpira. Papasa akinyooshe kabisa, kwa kuwa gari sasa ni lake.

Papasa akavaa soksi yake. Akapanda kreti, akafumba macho, akaweka kiganja.

Nilikuwa napiga msasa mlango wa watu wengine, sikuwa namtazama. Nilichogundua ni kwamba hakusoma. Kwa kawaida hata dakika haiishi ameshakusomea. Nikageuka. Alikuwa amevua soksi. Anapapasa kwa mkono mtupu, na macho ameyafungua.

"Shemeji. Lete mkono wako."

Nikapanda kwenye kreti, tukabanana hapo kama kuku wa mnadani. Akanishika vidole, akanipitisha. Shimo dogo, refu. Jingine pembeni yake. La tatu. La nne. Kisha moja limejitenga ubavuni, fupi. Katikati pamezama kidogo.

"Ni mkono," nikasema.

"Mkono," akasema. "Mdogo."

Tukashuka. Alama ile ilikuwa juu kidogo ya ncha ya boneti, karibu na kifua cha Papasa, na Papasa ni mtu mzima wa urefu wa kutosha. Akakaa kwenye kreti, akanyanyua mkono wake juu ya kichwa, moja kwa moja, kiganja mbele. Akaushikilia hivyo kwa muda.

"Mtoto," alisema. "Aliunyoosha hivi. Kama anayejibu swali darasani."

Mimi nina kinywa chepesi, naomba radhi kwa hilo kila siku, lakini pale nilichukua msasa wangu nikarudi kwenye mlango wa watu.

Akanyoosha. Kipande cha chuma kwa ndani, nyundo kwa nje, tik, tik, tik, kama saa. Jioni boneti ilikuwa tambarare, na hata yeye mwenyewe alipopitisha soksi hakuona kitu. Jumanne saa saba mchana, jua lilipolipasha bati, tukasikia sauti moja kutoka kwenye gari. Pu. Kama kofi la mbali. Tukaenda kutazama. Vidole vyote vitano vilikuwa vimerudi.

Usinitazame hivyo. Jambo hilo lipo, muulize fundi yeyote. Bati likishavutwa mahali hulegea, ukilisukuma linakaa, likipata joto linaruka kurudi lilikokuwa. "Bati lina kumbukumbu," ndivyo wanavyosema mafundi. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, na siku ile ndipo nilipolielewa.

Akanyoosha tena. Jumatano saa saba, pu. Mchomeleaji wetu, jitu la miraba minne lisiloogopa moto, alihamisha mitungi yake upande wa pili wa uwanja. Nikamuuliza mbona anahama. Akasema huku kuna kivuli. Kivuli kilikuwa kule alikotoka.

Usiku huo nilikula kwao. Papasa alikuwa anageuzageuza chakula kama anatafuta kitu kilichomdondokea.

"Mwalimu," alimwambia dada, maana hata nyumbani humwita hivyo, "watoto wako shuleni wametimia?"

"Wametimia vipi?"

"Wote wapo? Hakuna ambaye hajaonekana siku hizi?"

"Ishirini na saba asubuhi, ishirini na saba mchana. Nawahesabu hadi usingizini. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu haina baba wala mama. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu, Mwalimu. Kula."

Dada alinitazama mimi. Mimi nikatazama kitoweo.

Alhamisi Papasa akampigia Daktari simu, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Alizunguka kwanza, habari za kazi, habari za nyumbani. Kisha akauliza.

"Daktari, hilo gari limewahi kumgusa mtu?"

"Hapana, Fundi. Ningejua."

"Ungejuaje?"

Tulisikia kile kimashine chake cha meno kinavuma, kisha kikazimwa.

"Ningesikia," alisema Daktari. Akafikiri. "Kuna redio, lakini... ningesikia kitu."

"Na ungeona?"

"Ningeona, bila shaka."

Lakini ile bila shaka ilikuwa na shaka ndani yake, na sote watatu tuliisikia.

Ijumaa shule hufungwa mapema. Dada akapitia gereji kumchukua mumewe. Huwa anaanza kusema kabla hajazima injini. Akaingia akinichamba mimi, kwamba nina rangi hadi puani, nikifa watanizika kwenye kopo, akamchamba mchomeleaji kwa tumbo lake, akapita kati ya magari akiendelea kumtafuta mumewe wa kumchamba. Akafika mbele ya gari jeusi, akanyamaza.

Nimemjua dada yangu tangu nazaliwa. Kunyamaza kwake katikati ya sentensi nilikusikia mara mbili tu, na mara ya kwanza ilikuwa msibani kwa mama.

Ile boneti ilimfika shingoni. Alisimama nayo uso kwa uso. Kisha akanyanyua mkono wa kulia, akauweka kwenye ile alama, kidole kwa kidole. Mkono wake ulizidi kidogo pembeni kote.

Papasa alikuwa juu ya kreti. "Mwalimu, usiguse hapo. Hapo kuna mtoto."

"Si mtoto," alisema dada. "Ni mimi."

Ilikuwa getini kwa shule, wiki mbili nyuma, wakati wa wazazi kuchukua watoto. Dada aliinama kuokota kofia ya mtoto. Aliponyanyuka, gari lilikuwa linakuja, taratibu tu, mwendo wa mtu anayetafuta nafasi ya kuegesha. Halikupiga honi, halikusimama. Likamgusa kifuani. Akapiga boneti kwa nguvu zake zote, akapiga na kelele, na kelele za dada yangu nimeshakwambia. Gari likasimama. Dereva akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama mbele.

"Alikuona?" aliuliza Papasa.

"Alitazama nilipo. Hakuna alichokiona. Akarudi nyuma kidogo, akazunguka, akampungia mlinzi mkono. Mtu mstaarabu kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ili uanze mahubiri ya jioni pia?"

Papasa alishuka kwenye kreti. Akamshika dada mkono, akaugeuza, akautazama kiganjani. Alikuwa anajua, na mimi najua kwamba alikuwa anajua, kuwa bati likibonyea hurudi kidogo pembeni, alama ikawa ndogo kuliko kilichoipiga. Ndilo somo la kwanza la kazi hii. Alilisahau kwa hofu. Miaka ishirini na miwili anaushika mkono huo, akausoma siku tano mfululizo, na hakuujua ni wa nani.

Kisha akasema la zawadi, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. Kwamba gari hili hili, kesho, ndilo lingekuwa la dada.

Dada hakupiga kelele. Alifungua mlango, akapanda kwa kujivuta kama anayepanda mti, akakaa, akashika usukani.

"Simama mbele," alimwambia.

Papasa akasimama.

"Naona kichwa. Sasa kuwa mtoto."

"Niwe nini?"

"Mtoto. Miaka minne. Shuka."

Akachuchumaa. Magoti yake yaliyostaafu yalilia hadi nikayasikia.

"Uko wapi?" aliuliza dada.

"Hapahapa."

"Sikuoni. Sauti yako inatoka kwenye injini."

"Niko hapa, Mwalimu!"

"Rudi nyuma. Nikikuona nitapiga honi."

Papasa akaanza kurudi kinyumenyume, amechuchumaa, kama bata aliyeona nyoka. Kwa wakati mwingine ningekufa kwa kicheko, na mchomeleaji alianza kucheka kweli, akaacha. Hatua moja, honi hakuna. Tatu. Tano. Papasa alikuwa peupe kabisa, katikati ya uwanja, saa tisa mchana, jua linampiga usoni, ana soksi mkononi, anamtazama mke wake kupitia kile kioo, na mke wake anatazama palepale alipo na hana habari naye. Nane. Tisa. Nilitamani kumpigia honi mimi. Aliipata kwenye hatua ya kumi na moja.

Dada akashuka. Papasa alibaki chini, nadhani hakuweza kunyanyuka.

"Lakini kwenye dogo," alisema, "wao ndio hawatakuona wewe."

"Najua."

"Mimi ndiye ninayezinyoosha zile nguzo, Mwalimu. Najua zinapigwa wapi."

"Najua, mume wangu. Nimekusikia kila asubuhi." Akampa mkono, akamvuta. "Lakini pale getini watoto wangu wote ni wafupi kuliko mimi. Afadhali nisionekane kuliko nisione."

Wakaondoka na la buluu. Papasa ndiye aliyekaa upande wa abiria, na alipita barabara nzima ameshikilia dirisha.

Jumamosi Daktari akaja na kadi ya gari mfukoni na tabasamu. Akamsalimia dada vizuri, "Habari za siku nyingi, Mwalimu," kumbe hata watoto wake pacha wanasoma pale. Dada akamwitikia. Kisha akanyoosha mkono, akauweka kwenye alama, akamtazama.

Daktari huyu anaona tundu la sindano kwenye jino la mwisho, gizani, kinywa kikiwa na mate. Alitazama ule mkono. Akatazama boneti, na kioo, na kiti chake cha udereva kule juu. Nikaona uso unampauka. Akakaa kwenye kreti letu na suruali yake ile safi.

"Getini," alisema. "Nilifikiri ni jiwe limerushwa na gurudumu."

"Lilikuwa jiwe lenye kelele," alisema dada.

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Nilikwambia. Kwa mkono wote."

Akaomba radhi, na aliomba kweli, si ya midomoni. Dada akamwambia alishamsamehe siku ileile, alikuwa na watoto wa kuvusha. Papasa akamrudishia funguo, akasema mapatano yamevunjika, na ile alama haitoki, imerudi mara mbili. Labda abadili boneti nzima.

"Iache," alisema Daktari.

"Na lile jipya uliloagiza?" nilimuuliza mimi, maana nimeshasema kuhusu kinywa changu. "Lile kubwa zaidi?"

Alizungusha funguo kidoleni, mpaka nikajuta.

"Usiku sikulala, nilipopigiwa ile simu," alisema. "Niliwaza, kama mimi nisiyemtakia mtu baya sikumwona mtu, basi mtaani kwetu kuna wangapi kama mimi? Na wanangu wako kiti cha nyuma. Unadhani nitawaweka kwenye dogo?" Akamtazama dada kama anayeomba ruhusa. "Siwezi, Mwalimu. Najua, lakini siwezi."

Dada akaenda kwenye gari lake la buluu kuwasha injini.

Daktari akapanda, akafunga mlango. Gari jeusi likanguruma. Na hakuna aliyetuambia, lakini sote tulijikuta tumerudi nyuma hadi ukutani, mimi, mchomeleaji, hata mteja aliyekuja kuulizia taa. Migongo kwenye matofali.

Lile gari halikuondoka. Dirisha likashuka. Kichwa cha Daktari kikachungulia, kikatazama chini kama mtu aliye ghorofani.

"Kuna mtu mbele?"

Tukatazamana. Hilo ni swali jepesi, lakini hakuna aliyetaka kulijibu. Tulikuwa tunahesabiana.

"Jamani, kuna mtu mbele?"

"Nipo mimi," alisema Papasa.

Alikuwa ameshaenda. Sisi wa ukutani tulimwona, ameinama mbele ya taa hadi kimo cha mtoto, uso ameuelekeza kwenye gari. Daktari hakumwona, nilijua kwa jinsi alivyokuwa anageuza kichwa.

"Fuata sauti yangu," alisema Papasa. "Polepole. Nipo."

Akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea getini, na gari likamfuata. Nipo, anasema, hatua. Nipo, hatua. Wakatoka nje, wakashika mtaa, wakapita duka la vipuri, gari limemficha hatumwoni tena, tunasikia tu lile neno, dogo na dogo zaidi, na ule mngurumo juu yake.

Dada yangu akazima injini ya gari lake ili asikie vizuri.